Idi Mubarak kutoka ng'ambo ya feri, na lile duka la ndovu

Assalam alaykum warahmatullah wapendwa wangu wote, wa hapa Likoni, wa kisiwani, wa Kisauni, na nyinyi mliotawanyika Doha na Nairobi na kwengineko. Idi Mubarak. Najua mwezi haujatangazwa, lakini ukishatangazwa simu zitakuwa hazikamatiki na mimi nataka salamu zangu mwaka huu niziandike kwa mkono wangu mwenyewe, sitaki kufowadi.

Leo ni mwezi 29 Ramadhani, tushafuturu, tumekula mihogo ya nazi na kaimati na ule uji wa mamangu wa pilipili manga, na sasa nimekaa barazani kwake nasikiza majirani wakiulizana, huyu asema Lamu umeonekana, yule asema ngojeni Kadhi Mkuu azungumze, watoto nao wanapiga takbira kabla ya wakati na hakuna wa kuwakataza maana furaha yao ni furaha yetu sote. Ndani kuna harufu ya udi tayari. Mamangu huyu hangoji tangazo, yeye mwezi 29 ukifika ashaanza kutoa zile sinia kubwa na vikombe vya kahawa kabatini, tayari tayari.

Sasa mchana alinituma nimtolee vikombe hivyo, na huko nyuma ya kabati, chini ya chupa tupu za mafuta mazuri ya halud, nikakuta kadi ya plastiki ina ndovu. Mwanangu wa kike yuko darasa la tatu akaniuliza mama hii ni ya benki? Nikamwambia hapana, hii ni kadi ya pointi ya Nakumatt. Akanambia Nakumatt ni nini?

Wallahi nilikaa chini. Mtoto amezaliwa Mombasa, anakulia Mombasa, na hajui Nakumatt, ile supamaketi yetu ya ndovu, ni nini. Nikaanza kumueleza nikaona maneno hayanitoshi, na tangu mchana moyo wangu uko huko, kwa hivyo nivumilieni, salamu zangu za Idi mwaka huu ni hiyo hadithi.

Nyinyi wa rika langu mwalikumbuka lile duka lao la barabara ya Nyerere, ukitoka feri ukielekea mjini. Kwetu sisi watoto wa Likoni hilo ndilo lilikuwa mjini penyewe. Feri kwa mtu wa miguu ni bure, mpaka leo ni bure, kwa hivyo hata siku ambayo nyumba haina shilingi safari ilikuwa yawezekana, mwatoka tu mwasimama na watu na baiskeli na mikokoteni, upepo wa Kilindini wawapiga usoni, mwashuka mwapanda ule mlima, mara mwaona ndovu. Mdogo wangu wa kiume, ambaye leo ni baba wa watoto watatu na atanikasirikia kwa kulisema hili, aliamini kabisa kwamba zile pembe kubwa za barabara ya Moi, zile magari hupita chini yake, zilitolewa kwa ndovu huyo wa Nakumatt ndiposa yeye akabaki kwenye kibao tu. Hakuna mtu aliyemwambia si kweli, hata babangu.

Babangu alikuwa kibarua bandarini. Mwajua kibarua wa bandari, meli ikiwa ipo kuna shifti, meli ikichelewa hakuna kitu, na Ramadhani haingojei meli. Kwa hivyo ununuzi wa Idi kwetu haukuwa na tarehe. Twangoja. Kumi la kwanza lapita, la pili lapita, twaingia kumi la mwisho wenzetu washashonewa kanzu na magauni sisi twaangalia tu uso wa baba akirudi, na yeye akiingia akiwa amenyamaza twajua, akiingia akiita jina la mama kutoka mlangoni twajua vile vile.

Siku ikipatikana twavuka. Kwanza Marikiti, maana viungo mamangu hanunui pengine mpaka leo, iliki na mdalasini na bizari nzima lazima azinuse mwenyewe. Halafu Mtaa wa Biashara kwa kitambaa, na bibi alikuwa akienda nasi kwa sababu ya kanga. Bibi na kanga ilikuwa ni habari nyengine, asimama mbele ya ukuta wa kanga nusu saa, asoma jina moja moja kwa sauti, hili la kumpa shoga yake, hili la kumjibu jirani, hili la kumuombea dua binti, na akishachagua ageuza ncha atazame kama imeandikwa Mali ya Abdulla, isipokuwa hivyo airudisha. Watu wa Kaderdina, wenye kanga hizo za Mali ya Abdulla, wako Mtaa wa Biashara tangu 1887, bibi alikuwa akisema yeye amezaliwa akaikuta na ataondoka aiwache, na kweli ameondoka ameiwacha, Allah amrehemu. Kuna siku mama alimwambia kuna vitambaa Nakumatt pia, bibi akamjibu kitambaa cha kwenye baridi hakijui jasho la mvaaji. Alimaanisha hivyo hivyo, kwake yeye nguo ya Idi lazima uihangaikie juani.

Sasa mkishamaliza hayo yote ni saa tisa saa kumi, mwafunga, jua la Mombasa mwalijua, miguu imewaka, mifuko imekata vidole. Hapo ndipo mama anasema haya twendeni mkapumzishe roho. Mlango wa kioo unafunguka na ile baridi ya AC inakupiga kifuani. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye AC hawezi kuelewa, lakini mtoto mwenye saumu ya kwanza kwanza midomo imekauka, ukiingia pale ni kama umemwagiwa maji na saumu haijafunguka. Sakafu inang'aa. Muziki wa chini chini. Harufu ya mkate unaotoka ovenini, na hiyo na saumu ilikuwa mtihani.

Mama anachukua toroli. Na sisi watoto tunaruhusiwa kuchagua. Yaani kuchagua kweli, mtoto wa kibarua unachukua biskuti za kopo, unachukua juisi kubwa, unachukua viatu vya kumeremeta, unatia kwenye toroli na mama hasemi kitu, anasukuma tu. Twazunguka duka zima hivyo. Toroli inajaa. Kisha tukifika karibu na malipo mama anasimama, anatwambia kwa sauti ya pole haya sasa tuvirudishe, na tunageuka tunaanza upya, kopo la biskuti kwenye rafu yake, juisi kwenye rafu yake, viatu kwenye kisanduku chake na karatasi yake ndani, na ole wako uweke kitu mahali si pake, alikuwa akituangalia kama mwalimu wa chuoni. Tukimaliza toroli imebaki na paketi mbili za unga wa sharubati na tambi. Hivyo ndivyo vya kulipia.

Miaka mingi mimi nilidhani hivyo ndivyo watu wote wanavyofanya supamaketi. Wallahi. Nilidhani ni mchezo wa duka. Nilikuja kufahamu nishakuwa mkubwa nina toroli yangu na watoto wangu na mshahara haujaingia, mkono wangu wenyewe ukaanza kurudisha vitu, na nikasimama pale katikati nikalia kimya kimya kwa sababu ndio nimeelewa mamangu alikuwa akifanya nini. Alikuwa hataki tuvuke feri kurudi bila kuwa tumeshika. Kununua hakuweza, lakini kushika na kuchagua na kuulizwa wataka rangi gani, hayo alitupa yote, na Idi yetu haikuwa na upungufu.

Na alikuwepo dada mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akifanya kazi hapo malipo. Alikuwa akituona. Aliona toroli ikija imejaa na aliiona ikigeuka, kila mwaka, na hata siku moja hakuwahi kumwambia mtu mtaani. Mwaka mmoja baba alipata shifti za usiku mfululizo, toroli ikaenda moja kwa moja bila kugeuka, yule dada akavipitisha vitu kimoja kimoja taratibu kuliko kawaida, akitupa majina, hili la nani, ni langu, na hili, ni lake, na kila kitu akakitia mfukoni kama anafunga zawadi. Viatu vya kumeremeta vilikuwa vyangu. Dada, ujumbe huu najua utakufikia kwa shangazi, nakutakia Idi njema kuliko watu wote.

Jina lenyewe Nakumatt lilitoka kwa magodoro, Nakuru Mattress, duka la Nakuru ambalo lilikua mpaka likafika kuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya na Uganda na Tanzania na Rwanda. Nani angedhani. Ule mwaka wa 2017 ndio mlianza kuona rafu zina nafasi, mara sukari hakuna, mara rafu nzima ya maji tupu, mara bidhaa moja imepangwa imetandazwa urefu wa ukuta ili pasionekane wazi. Wauzaji walikuwa hawajalipwa, wenye majumba hawajalipwa, madeni mabilioni. Januari 2018 duka likawekwa chini ya msimamizi wa mahakama na Januari 2020 wanaodai wakapiga kura lifungwe kabisa. Mwaka ule ule wa 2017, Agosti, mifuko ya plastiki nayo ikapigwa marufuku, na mamangu alikuwa nayo ile mifuko ya ndovu chungu nzima ameikunja vizuri chini ya godoro, ya kutilia nguo za Idi. Aliitoa akaitazama, akaitupa kwa siku tatu, mmoja mmoja. Hakusema kitu lakini tulimuona.

Mwenzangu mmoja aliniambia unalilia supamaketi ya nini, si ziko nyengine, na ni kweli ziko, City Mall ya Nyali Carrefour waliingia 2019 na kuna kubwa nyengine kila upande na nyingi ni safi kuliko ile. Sikatai na mimi mwenyewe naenda. Lakini mtu wa Likoni kwenda Nyali ni feri, halafu matatu, halafu matatu nyengine, na nauli hiyo ni ya watu wanaokwenda kununua, haiwezi kuwa ya watu wanaokwenda kushika. Hilo ndilo linaloniuma. Lile la barabara ya Nyerere lilikuwa mahali mke wa kibarua anaweza kuingia na watoto wanne kwa miguu, na mwenye Land Cruiser akaingia na wake, na wote baridi ni hiyo moja na foleni ni hiyo moja. Babangu naye ana yake, yeye ni sinema za Regal na Naaz na Majestic, picha za Kihindi siku ya Idi mchana mpaka usiku, watu wamevaa wamejitia mafuta foleni mpaka barabarani, na akiyataja macho yake yanakuwa kama yangu nikitaja ndovu. Zile sinema zilikufa sisi tuko wadogo na hatukumuuliza hata siku moja kama zilimuuma. Jana nilimuuliza. Alizungumza mpaka daku.

Kilichobaki, alhamdulillahi, kimebaki. Marikiti iko na mamangu bado ananusa iliki. Mtaa wa Biashara usiku wa kumi la mwisho huwezi kupita, watu kama siafu, kofia, madera, hina, viatu chini. Uwanja wa Makadara pembea zishasimamishwa, nimepita juzi nimeziona, na bustani ya Mama Ngina ya pwani tangu ilipotengenezwa 2019 siku ya Idi Pili hakuna pa kukanyaga, watu na mihogo yao ya pilipili na madafu wanatazama meli zikiingia. Wanangu wanayo yao ya kukumbuka.

Kwa hivyo haya ndio nimepanga na nawaalika. Kesho au kesho kutwa, vile mwezi utakavyotaka, baada ya swala sote kwa mama hapa Likoni, pilau ni ya mbuzi na baba ashanunua, kachumbari na vileja ni mimi, halua ataleta mjomba kama kawaida yake. Watoto waje na mikono wazi, mkono wa Idi nimebadilisha noti za hamsini hamsini mpya mpya, kila mtoto atapata, hata wa jirani, hata wa kupita. Idi Pili tunavuka feri kwa miguu wote, tunapita barabara ya Nyerere mimi nitawaonyesha watoto mahali pale palipokuwa na duka, halafu Makadara kwenye pembea, na baba amesema anataka kupitishwa zilipokuwa sinema zake atuonyeshe alikokuwa akikaa.

Tulionuniana tusameheane, mimi wa kwanza, aliye na langu anisamehe. Waliotangulia, bibi na wenzake, Allah awanawirishie makaburi yao. Wagonjwa wapoe. Mlio mbali pigeni simu baada ya swala ya Idi, mama atakaa na simu mkononi, msimngojeshe.

Ile kadi nimeirudisha kabatini chini ya halud, pale pale ilipokuwa. Mama amenambia ina pointi bado.

Sasa nasikia kelele huko msikitini, wanasema umeonekana. Takabbalallahu minna waminkum, kullu aam wa antum bikheir, wacha nikimbilie jikoni kuroweka mchele.