Kuna maji kidogo, au maji ni kidogo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo kuhusu neno la Kiingereza ambalo wengi wetu tunadhani tulilimaliza tangu kidato cha kwanza, yaani "little". Nimelifundisha kwa miaka mingi hapa Dodoma, na kwa miaka yote hiyo nimewaambia wanafunzi kwamba maana yake ni "kidogo", kisha nikaendelea na somo. Nilichokisikia hivi karibuni katika mkutano wa kijiji, upande wa Chamwino, kimenifanya nijutie haraka hiyo.

Mkutano ulihusu kisima. Mtaalamu mgeni aliyekuwa amepima ardhi alisimama akasema, "There is little water here." Mkalimani akatangaza, "Anasema hapa kuna maji kidogo." Wazee wakapiga makofi. Mama mmoja aliyeketi karibu nami, ndoo yake ya lita 20 ikiwa kando, akaninong'oneza kwamba hayo kidogo yanatosha, mradi yapo. Kumbe mtaalamu alikuwa anawaonya wasitoe michango yao kuchimba pale, kwa kuwa maji ni haba mno. Katika mkoa ambao mvua hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na hata mjini tumenyweshwa miaka nenda miaka rudi na visima vya Makutupora, kosa kama hilo haliwezi kuitwa la lugha tu.

Tofauti yote iko katika herufi moja. Mwingereza akisema "a little water", anathibitisha kwamba maji yapo ingawa si mengi. Akiiondoa hiyo "a", anamaanisha kwamba yaliyopo hayatoshi, ni kama hayapo. Ndivyo ilivyo pia kwa "few" na "a few" katika vitu vinavyohesabika. Sikio letu huipita herufi hiyo kwa sababu Kiswahili hakiweki kitu cha namna hiyo mbele ya nomino, lakini nakataa kabisa hoja kwamba lugha yetu imepungukiwa. Sisi tofauti hiyo tunaiweka katika mpangilio wa sentensi: "kuna maji kidogo" hutia matumaini, ilhali "maji ni kidogo" ni malalamiko, na anayetaka kuondoa shaka yote analo neno "haba". Mkalimani yule aliyajua yote hayo, ila alifasiri neno akaiacha maana.

Neno hilohilo likitangulia kitu kinachohesabika huacha habari ya kiasi na kuwa la umbo, la umri, au la mapenzi. Mwingereza anayeisifu nyumba yake kwa kuiita "my little house" hapimi vyumba, anaonyesha kwamba anaipenda, na kwa hiyo "small" haliwezi kukaa mahali pake bila kuipoza sentensi. Hapa nawasihi wafasiri wasikimbilie kiambishi chetu cha udogo, kwa maana "kitoto" huweza kubeba huruma, lakini "kijitu" ni tusi. Na "little brother" ni mdogo wangu, hata kama amenipita kimo. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kumwandika mama yake mdogo kuwa "my small mother". Nilipiga mstari mwekundu bila kumweleza kwamba Kiingereza humwita "aunt" tu, na kwamba ukubwa na udogo wa mama zetu ni mpangilio wa ukoo ambao wao hawanao. Nilipaswa kumweleza.

Naliomba Baraza la Kiswahili la Taifa, na walimu wenzangu, tulipe neno hili nafasi yake tunapowaandaa wakalimani. Kwa wale ambao tayari wanasimama mbele ya wanakijiji, ombi langu ni kwamba, wakisikia "little" ikitajwa pamoja na maji, chakula au dawa, wamgeukie kwanza msemaji na kumuuliza: yanatosha, au hayatoshi?

Mwalimu wa Kiingereza,
Dodoma