Zuhura, mzuie Mwinyi na sindano yake

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi, na Bibi nisalimie. Nimeona picha ya kile kipande cha kaharabu (utomvu wa miti wa kale ulioganda kama jiwe) chenye mdudu, ambaye muuzaji anadai ni sisimizi wa kuzimu, yaani sisimizi wa kale waliokwisha kutoweka. Nimesoma pia kwamba Mwinyi anakuja kesho kukichoma kwa sindano ya moto ili ajue kama ni kaharabu ya kweli. Tafadhali mzuie! Sindano ikizama karibu na mdudu, ufa unaanzia hapo na hauzibiki tena.

Anza na maji ya chumvi. Robo lita ya maji, gramu 50 za chumvi, koroga hadi iyeyuke yote, kisha kitumbukize kipande. Kaharabu huelea, kioo na bakelaiti (plastiki ya zamani) huzama. Ila usishangilie mapema, maana sandarusi, utomvu unaofanana na kaharabu, nayo huelea, hata plastiki nyingine. Kisuuze, kikaushe, halafu dondoshea tone moja la asetoni ukingoni, mbali na mdudu. Dawa ya kufutia rangi ya kucha inatosha, lakini soma chupa kwanza, nyingine hazina asetoni. Baada ya nusu dakika gusa kwa kidole. Kikinata si kaharabu, na hapo hadithi ya muuzaji imekufa: sandarusi ni utomvu mchanga, wakati sisimizi wa kuzimu anaowataja wanatoka kwenye kaharabu ya Kachin, Myanmar, ya miaka kama milioni 99.

Kisipokunata, chukua lenzi ya mara 10 utazame kichwa kwa ubavu. Sisimizi wa leo hufungua mataya yake kushoto na kulia, kama mkasi. Hawa wa kuzimu mataya yao yamepinda kama mundu, ncha zikitazama juu, yakifunga kuelekea kwenye paji la uso. Wengine wana pembe hapo. Mwaka 2020 kilitangazwa kipande ambamo sisimizi wa aina ya Ceratomyrmex kafa akiwa bado amembana kinda wa jamaa wa mende shingoni, kati ya taya na pembe. Huo mbano ni wa kuutazama saa nzima! Ndiyo maana nalilia sindano isikiguse.

Sasa nijibu. Kipande kilitoka Myanmar lini, kabla ya jeshi kuteka machimbo mwaka 2017 au baada? Kina karatasi yoyote? Ubavuni kuna mstari wa gundi au safu ya viputo? Mdudu ana mabawa? Na je, umeshalipa?

Nijibu usiku huu huu, kabla Mwinyi hajafika.

Wako,
Rehema