Muvi za wizi wa kuchekesha hazikuanzia Hollywood

Mhariri,

Makala yenu ya wikendi kuhusu muvi za wizi nimeisoma yote na nimeipenda, ila mmeniacha hoi mlipotaja Wamarekani tupu toka juu mpaka chini. Hivi kweli mnaongelea wezi wa kuchekesha halafu muvi ya Kitaliano I soliti ignoti ya Mario Monicelli, ya mwaka 1958, haipati hata sentensi moja? Hiyo ndo mama yao wote bwana.

Kwa ambao hawajaiona (na natoboa mpaka mwisho, asiyetaka aruke): ni Roma, maisha magumu, jamaa anaitwa Cosimo kakamatwa akiiba gari na huko ndani kanasa mchongo wa duka la rehani lililopakana ukuta na nyumba ya watu, unatoboa unaingia. Peppe, bondia asiye na mbele wala nyuma, anajiliza eti kapigwa miaka mitatu ili Cosimo amwonee huruma amwage siri, akishaipata tu anamwambia kwaheri, kumbe kifungo chenyewe cha nje! Sasa timu anayoikusanya. Tiberio mpiga picha asiye na kamera, analea mtoto mchanga maana mke yuko ndani kwa sigara za magendo, babu Capannelle ambaye muda wote anatafuta cha kutafuna, na Msisili mmoja kazi yake kumfungia dada yake asionwe na wanaume. Mwalimu wao wa kufungua kasiki ni mchekeshaji Totò, anawafundishia juu ya paa, yeye mwenyewe haendi kwenye tukio kwa sababu polisi wanamfuatilia. Siku ya siku wanahangaika na ukuta wee, ukianguka wanajikuta wametokea jikoni, nyumba ileile. Basi wakakaa wakala makaroni na dengu.

Monicelli alikuwa anaitania Rififi, muvi ya wizi ya Ufaransa ya 1955, ambayo wezi wake ni mafundi hasa. Na huyo Vittorio Gassman aliyecheza Peppe watu walimjua kwa maigizo mazito ya jukwaani, akapewa kigugumizi na pua ya bandia, wakaanza kumcheka. Oscar iliteuliwa ikakosa, lakini mlango ukafunguka kwa wimbi zima la komedi za Kitaliano ambazo unacheka huku kuna kitu kinakuchoma.

Hapo kwenye kuchoma ndo hoja yangu ilipo. Cosimo akitoka jela anaenda peke yake dirishani pale duka la rehani, anatoa bastola, karani anaipokea na kuikagua akijua mteja kaja kuiweka rehani! Nilicheka mpaka machozi. Dakika chache baadaye anajaribu kukwapua mkoba, tramu inamgonga, anakufa. Hivihivi tu, kwenye komedi, na muvi inaendelea.

Waigaji wamekuja wengi: Louis Malle 1984 na muvi yake Crackers, Bob Fosse akaipeleka jukwaani Broadway, kule New York, 1986, na wale ndugu wawili Russo, kabla hawajaenda kwenye muvi za mashujaa za Marvel, wakatoa Welcome to Collinwood 2002, George Clooney akiwa ndo mwalimu wa kasiki. Collinwood inafuata hadithi karibu hatua kwa hatua na inachekesha, sikatai, ila wale jamaa wanachekesha kwa sababu ni mabwege. Wa Monicelli wana njaa, wamekosa kazi, na kazi yenyewe wanaiogopa kuliko jela, ndo maana mwisho Peppe anapojificha polisi kwenye kundi la vibarua wa ujenzi, akasukumwa nao mpaka ndani ya geti, Capannelle anampigia kelele kwamba watamfanyisha kazi kweli!

Kwa hiyo mkirudia mada hii naomba muanze na 1958, na Totò mumpe makala yake peke yake, yule mzee dakika chache alizopewa kawazidi wote.

Mpenzi wa sinema,
Tanga