Risala ya Kikundi cha Wanawake Waandishi wa Ilala kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, bibi zetu mlioketi mbele na wageni waalikwa, shikamooni na karibuni sana. Tumefarijika kukuona, maana tunajua ratiba yako ilivyobana.

Kikundi kilianza na akina mama saba chini ya mwembe. Leo tuko kumi na tisa, na tumekuwa chachu ya fasihi wilaya nzima: hadithi zetu mbili zimesomwa redioni, na riwaya moja imekamilika. Riwaya hiyo ni yangu mimi katibu. Inahusu akina mama wa Dar es Salaam mwaka 1955, wakati Bibi Titi Mohamed, mwenyewe mwimbaji wa ngoma, alipopita kwenye vikundi vya lelemama, ngoma ya akina mama, kuwaandikisha wanawake TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika.

Mheshimiwa, ukimuuliza bibi wa Gerezani jambo lilitokea mwaka gani, hakutajii mwaka. Atakwambia, "Nilikuwa na mimba ya Mwajuma," au atafungua sanduku akuoneshe kanga aliyojifunga siku ile. Ndiyo maana wengi wao hawamo vitabuni. Aliyekuja na kalamu alitaka tarehe, akaondoka. Sisi tulikaa mkekani tukasikiliza. Tuna kaseti arobaini na moja, madaftari, picha, na kanga ambazo wenyewe walitukabidhi wakisema, "Nitunzieni." Wanne kati yao tumeshawazika.

Amana yote hiyo imo kwenye masanduku mawili, chini ya kitanda cha mweka hazina wetu, bondeni Jangwani. Masika iliyopita maji yalipanda hadi godoroni. Kaseti sita zimeharibika. Moja ni ya bibi aliyefariki mwezi wa Ramadhani, na hatukuwa na nakala. Mjukuu wake alikuja kuomba aisikie sauti ya bibi yake. Nilikosa la kumwambia.

Ombi letu ni moja: chumba. Nyuma ya ukumbi huu ipo stoo yenye viti vilivyovunjika. Tunaomba tupewe hiyo, pamoja na kabati la chuma na kufuli. Mwaka juzi mgeni rasmi alituahidi papa hapa, tukampigia vigelegele. Mwaka jana mwingine akaahidi tena, mbele ya kamera. Tumeandika barua tano, nakala tunazo. Tumejibiwa mara moja, kwamba suala linashughulikiwa. Tunawashukuru wote kwa nia yao njema. Lakini mvua haikusubiri, na bibi zetu hawa waliokaa mbele yako, mdogo wao ana miaka themanini na moja.

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, leo hatuombi ahadi. Mara hii ni sisi tunaotaka tarehe, utuandikie kwa mkono wako kwenye daftari hili. Na kabla ya chakula, tunakuomba upite nyuma ukakione chumba. Mwenye ufunguo tumemwomba asiondoke.

Naomba kuwasilisha.