Watoto wetu waandikiwe riwaya za picha

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wachapishaji wa vitabu na wasimamizi wa maktaba kuhusu riwaya za picha, yaani hadithi ndefu zinazosimuliwa kwa michoro ya kisanduku baada ya kisanduku kama katuni, kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, hasa zile zinazosimulia maisha ya nyumbani na mabadiliko ya kukua.

Katika madarasa ya hapa Mombasa wamo watoto ambao mama zao wamekwenda Saudia au Qatar kutafuta riziki, nao wanalelewa na nyanya au mama mdogo. Wamo walioshuhudia talaka ya wazazi. Na wamo wasichana wanaovunja ungo kabla ya mtu mzima yeyote kuwaeleza jambo. Hadithi za sungura na fisi tunazowapa nazipenda, na zina mahali pake, lakini hazimfai mtoto anayejiuliza kwa nini mama hajapiga simu wiki hii.

Hapo ndipo nguvu ya riwaya ya picha ilipo. Mchoraji anaweza kuacha kisanduku kizima bila neno, akamchora mtoto ameketi kizingitini na simu mkononi, na msomaji wa miaka 9 akaelewa yote, hata yule ambaye bado anasoma kwa kusitasita. Sikubaliani kabisa na wazazi na walimu wanaowanyang'anya watoto katuni kwa madai kwamba zinawapotezea wakati, kwani kuutambua uso wenye huzuni na kuunganisha tukio la kisanduku hiki na la kile ni kusoma pia.

Mwaka 2020 nishani ya Newbery, inayotolewa Marekani kwa vitabu vya watoto tangu 1922, ilinyakuliwa kwa mara ya kwanza na riwaya ya picha, New Kid ya Jerry Craft. Mwaka huohuo ilitoka When Stars Are Scattered, ambamo Omar Mohamed, akishirikiana na Victoria Jamieson, anasimulia walivyokulia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab yeye na mdogo wake Hassan, ambaye neno alilotamka lilikuwa moja tu, "hooyo", yaani mama kwa Kisomali. Kisa hicho ni cha Kaunti ya Garissa, jirani zetu, nacho kiliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu wapo watoto wa Pwani ambao wangejiona ndani yake.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa michoro. Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau, aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Taifa Leo kwa miaka mingi. Wachoraji nao tunao, na kazi zao tunaziona kila siku kwenye matatu zetu.

Najua wachapishaji watataja gharama ya rangi, lakini hadithi nzuri hutosheka na wino mweusi. Ninachowaomba ni watangaze wazi kwamba wanapokea miswada ya aina hii kwa Kiswahili, na mchoraji alipwe mrabaha sawa na mwandishi. Maktaba ya umma ya hapa mjini nayo iwatengee watoto rafu ya vitabu hivyo, na iwaruhusu kuviazima kwenda navyo nyumbani, ili na wazazi wavisome.

Mwalimu na mzazi,
Kisauni, Mombasa