Bei ya chanjo iandikwe kabla ya majaribio kuanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo katika mijadala ya chanjo huguswa mwishoni, tena kwa haraka, ilhali ndilo lingestahili kutangulia, nalo ni bei. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa katika zahanati za vijijini mkoani Tanga, na kila siku ya kliniki nilikuwa nikiwasikia akina mama wakiambiana kwamba chanjo ni bure. Kwa mama aliyembeba mwanawe mgongoni ni kweli, na iendelee kuwa hivyo. Lakini kichupa kile kimenunuliwa, ama kwa fedha za wafadhili zinazopitia Gavi, ubia wa kimataifa unaozisaidia nchi maskini kununua chanjo, ama kwa mchango wa serikali, na mchango huo huongezwa kadiri pato la nchi linavyokua hadi ifike siku nchi inajilipia yote.

Tuchukue chanjo ya malaria. Mwezi Mei 2009 majaribio ya mwisho ya chanjo iitwayo RTS,S yalianzia Bagamoyo, kisha yakaenea katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Korogwe kwetu na Kilifi kwa jirani zetu. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki, na wazazi wao walikubali wachomwe sindano, watolewe damu na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwezi Oktoba 2021. Kampuni ya GSK, iliyoitengeneza, ilikuwa imeahidi kutoongeza zaidi ya asilimia 5 juu ya gharama za uzalishaji. Siibezi ahadi hiyo, maana si kampuni nyingi zinazotoa ahadi ya namna hiyo, ila asilimia 5 juu ya kitu cha ghali haikifanyi kuwa rahisi. Mkataba wa mwanzo uliweka bei ya zaidi ya euro 9 kwa dozi, na mtoto anahitaji dozi nne. Hata zilipopatikana fedha, dozi zenyewe zilikuwa milioni 18 tu kwa miaka mitatu, kati ya 2023 na 2025, zikagawiwa nchi 12. Ukigawa kwa nne, hazifikii hata watoto milioni 5.

Sasa tuangalie mradi ulioanza kwa kuuliza bei. Mwaka 1996 na 1997 homa ya uti wa mgongo ya aina A, inayosababishwa na bakteria, ilizikumba nchi za ukanda unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, ikaua watu wapatao 25,000. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani na PATH, shirika la afya lisilo la kibiashara, walianzisha mradi wa kutafuta chanjo ya ugonjwa huo kwa ruzuku ya dola milioni 70 kutoka mfuko wa hisani wa Bill na Melinda Gates. Kiongozi wake, Dkt. Marc LaForce, alikwenda kwanza kuwauliza viongozi wa afya wa nchi za ukanda huo wanaweza kulipa kiasi gani, akajibiwa kwamba isizidi nusu dola kwa dozi. Kampuni kubwa hazikuvutiwa na biashara ya namna hiyo. Ndipo kazi ikagawanywa: njia ya kuunganisha sehemu mbili za chanjo ikatoka katika maabara ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, malighafi moja ikatoka Amsterdam, na kiwanda cha Serum Institute cha Pune, India, kikakubali kujifunza mbinu hiyo na kuzalisha kwa bei iliyokwisha kutajwa.

Chanjo hiyo, MenAfriVac, ilizinduliwa Burkina Faso mwezi Desemba 2010 kwa chini ya senti 50 za dola kwa dozi, na gharama za kuibuni hazikufika dola milioni 100. Zaidi ya watu milioni 300 wameshachanjwa, na tangu 2017 hakuna mgonjwa wa aina A aliyethibitishwa katika ukanda ule. Kwa sisi tuliobeba visanduku vya barafu juu ya baiskeli, tukihofia jua kuliko mvua, kuna habari nyingine tamu: iliruhusiwa kukaa hadi siku nne nje ya jokofu katika joto lisilozidi nyuzi 40.

Wapo watakaosema kwamba kimelea cha malaria ni kigumu kuliko bakteria wa uti wa mgongo, na kwamba bila ruzuku ile MenAfriVac isingewezekana. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo chanjo ya pili ya malaria, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo na Kilifi na ikapendekezwa mwaka 2023, ilitangazwa kwa dola 2 hadi 4 kwa dozi, na kiwanda ni kilekile cha Pune, ambacho kilisema kinaweza kutoa dozi milioni 100 kwa mwaka. Kwa hiyo ugumu wa ugonjwa haumalizi maelezo yote. Kutegemea kiwanda kimoja kuna hatari yake, kama tulivyoona mwaka 2021 India iliposimamisha kuuza nje chanjo za UVIKO-19, lakini hilo linahitaji barua yake.

Ninachoomba ni kidogo. Mtafiti au kampuni inapoleta maombi ya kujaribu chanjo kwa watoto wetu, kibali kisitolewe mpaka iandikwe bei ya juu kabisa ambayo nchi yetu itauziwa endapo chanjo itafaulu, idadi ya dozi tutakazopewa kwanza, na kama mbinu ya kuitengeneza itaruhusiwa kufundishwa kwa kiwanda kingine. Wakati huo ndipo tuna la kujadiliana, kwa sababu wanawahitaji watoto wetu, na majaribio yakishakwisha sisi ndio tunaobaki wahitaji. Nawaomba pia waandishi wako, watakapokwenda kuripoti uzinduzi wa majaribio mengine, waulize kama kipengele cha bei kimo katika makubaliano, na jibu watakalopewa walichapishe.

Muuguzi mstaafu,
Korogwe, Tanga