Kwa nini gemu yako imekuja vipande vipande

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, maana niliuona uchovu wako katika kila mstari. Umekesha ukipakua gemu ya gigabaiti 35. Ukapata mafaili tisa ya .bin na jingine dogo la .exe, ukaanza kusakinisha, na katikati ya kazi kompyuta ikakuambia uingize diski ya 3. Unaniuliza: diski gani, na kompyuta yenyewe haina hata pa kuiingizia?

Pole sana. Ujumbe huo umerithiwa kutoka zamani. Visakinishi vingi vya Windows hutengenezwa kwa Inno Setup, programu iliyoanza kutolewa mwaka 1997, enzi ambazo programu zilikuwa bado zinasafiri kwenye disketi za megabaiti 1.44. Disketi moja ikiisha unaichomoa, unaingiza inayofuata. (Gemu yako ingetaka disketi zaidi ya 23,000!) Disketi zimetoweka, maneno yamebaki. Maana yake leo ni hii tu: kipande cha 3 sikipati.

Ila swali lako la msingi ndilo linalonigusa zaidi: kwa nini wasikupe faili moja tu?

Mimi jibu nililipata kwa uchungu. Niliwahi kununua flashi ya gigabaiti 32, tupu kabisa, nikataka kuhamishia humo faili moja la gigabaiti 6. Ikakataa, ikisema faili ni kubwa mno. Nafasi ipo, faili haliingii! Nikaamini flashi ni mbovu, nikamlaumu bure aliyeniuzia, na jambo hilo linanisikitisha mpaka leo. Flashi ilikuwa nzima. Ilikuwa imeandaliwa kwa FAT32, utaratibu wa kupanga mafaili uliokuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996, na katika utaratibu huo ukubwa wa kila faili huandikwa kwenye nafasi ya biti 32.

Fikiria fomu yenye visanduku vinne vya tarakimu. Hata ufanyeje, namba kubwa kuliko zote utakayoandika humo ni 9,999. Sasa weka visanduku 32, na kila kimoja kinapokea 0 au 1 tu. Namba kubwa kuliko zote inakuwa 4,294,967,295. Hizo ndizo baiti ambazo faili moja la FAT32 haliwezi kuzidi, yaani gigabaiti 4 kasoro baiti moja. Diski iwe kubwa kiasi gani, kikomo ni hicho hicho. NTFS na exFAT, taratibu nyingine za kupanga mafaili, hazina kizuizi hicho, lakini flashi nyingi bado zinatumia FAT32, na anayekuuzia gemu hajui wewe utaihifadhi wapi. Ndiyo maana anakata kabla ya kufika hapo. Gawanya 35 kwa 4 uone: vipande vinane vilivyojaa, na cha tisa kidogo. Kwa hiyo usishtuke ukiona cha mwisho hakilingani na wenzake.

Na hata diski yako ingekuwa ya NTFS, faili la .exe lenyewe lina mpaka wake: Windows haikubali kuendesha .exe inayozidi gigabaiti 4. Kwa hiyo .exe huachwa ndogo, ikawa kama msimamizi, na mzigo wote ukabebwa na .bin. Hizo .bin usizibofye, hazifunguki peke yake.

Kuna na faida ya njiani, na hii naithamini kuliko zote. Kwa kasi ya megabaiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 35 huchukua saa tano hivi. Lingekuwa faili moja, mtandao ukakatika saa ya nne na seva ikakataa kuendeleza pale ulipoishia, ungeanza sifuri. Kipande cha gigabaiti 4 ni kama dakika 34. Kikiharibika, unarudia hicho tu.

Ndiyo sababu nakuomba usifute chochote, hata kwa hasira. Fungua folda uangalie jina la kipande cha 3. Nadhani ulikipakua mara mbili, kivinjari kikaongeza (1) mwishoni mwa jina, na kisakinishi hakikitambui. Kama ndivyo, linganisha ukubwa wake na wa kipande cha 2. Ukilingana, rudisha jina lake la asili. Kikiwa pungufu, kipakue upya hicho kimoja. Mwenye gemu akiwa ametoa alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotambulisha faili zima, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, kwenye dirisha la amri, ulinganishe herufi kwa herufi. Vipande vyote vikae folda moja na .exe, halafu ubofye .exe peke yake. Hakikisha pia diski ina nafasi ya gemu iliyokwisha kusakinishwa juu ya zile gigabaiti 35, kwa kuwa vyote viwili vitakaa humo kwa pamoja mpaka kazi iishe.

Niandikie leo leo ulichokikuta kwenye kile cha 3. Simu nitaiacha wazi.

Rafiki yako wa siku zote